Korosho za kuchoma gramu 200, euro 2.99: tathmini ya aliyekuwa karani wa ghala Newala

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aende zake: ni korosho nzuri. Ladha nyota nne, ufungashaji nyota tano, maelezo ya nyuma ya pakiti nyota moja, tena ya huruma. Kama uko Ujerumani na hamu imekushika usiku, nunua tu, hutajuta. Mwenye nafasi akae kitako, maana ile nyota moja ina maneno mengi.

Bidhaa ni ya chapa ya duka lenyewe, si ya kampuni yenye matangazo kwenye televisheni. Duka silitaji, kila mtaa wa Ujerumani una linalofanana nalo. Ni mfuko mgumu wa bluu wenye zipu ya kufungia tena, na mbele kuna picha ya korosho tatu zimelazwa juu ya jani. Jani lile si la mkorosho. Nimeligeuza huku na huku chini ya taa ya jikoni, na ninachoweza kusema ni kwamba ukoo wake ni wa mnanaa. Ndani mna korosho zilizokaushwa kwa hewa ya moto bila mafuta, zikatiwa chumvi. Nyuma, chini ya jedwali la mafuta, sukari na protini, kuna mstari wa herufi za kutafutia miwani: nchi ya asili, Vietnam.

Mimi ni mzaliwa wa Newala, kusini mwa Tanzania, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, ambako ukisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo yake. Kabla sijaja Hamburg kutunza wazee wa watu, nilikuwa karani wa ghala kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS kama tunavyoiita. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi, kazi ilikuwa kupokea korosho ghafi, yaani zikiwa bado na ganda, kupima uzito, kuandika stakabadhi na kukata sampuli, yaani kupasua korosho chache kuona kiini chake. Kwa hiyo mtu akinipa pakiti ya korosho siwezi kula kama watu wengine. Mkono unaanza kazi wenyewe.

Nilizimwaga kwenye sahani nyeupe nikazipanga. Nzima 131, na vipande vichache ambavyo kwa pamoja havijazi hata kiganja cha mtoto. Soko la dunia hupanga korosho nyeupe nzima kwa idadi ya punje kwenye pauni moja, yaani gramu 454: kuna 180, ambazo ni kubwa na ghali, halafu 240, halafu 320, halafu 450 ambazo ni ndogo. Ukipiga hesabu ya sahani yangu unaangukia 320, daraja linalouzwa kuliko yote. Rangi ni moja, ya pembe za ndovu, haina madoa ya kuungua. Hakuna hata moja iliyobaki na ngozi ile nyembamba ya ndani. Nilivunja moja karibu na sikio, ikalia vizuri. Unyevu wake uko sawa. Anayezichambua hizi, popote alipo, anaijua kazi yake, na nasema hivyo kwa heshima ya mtu aliyewahi kukaa na kisu mkononi mbele ya gunia.

Ladha sasa. Utamu wa maziwa unaanza, chumvi inafuata kwa kiasi, na mwisho wake ni safi, haukwami kooni. Zikikaa wazi siku mbili tatu hazilainiki sana. Kinachokosekana ni moshi, na hapa lazima nieleze, kwa sababu wengi wanaonisoma wamekula korosho za pakiti tu.

Nyumbani korosho huchomwa na ganda lake. Unachukua bati au chungu kilichotobolewa, unaweka kwenye mafiga nje, ukiwa umeupa upepo mgongo. Ganda la korosho lina mafuta makali, meusi, yanayoweza kukuchubua ngozi ukiyashika mabichi. Moto ukipanda yale mafuta yanachemka, yanarusha cheche, halafu bati zima linawaka kwa ghafla na moshi mweupe unasimama. Hapo ndipo penye ufundi: ukiwahi kumwaga, ndani bado mbichi, ukichelewa, umepata mkaa. Unazimwaga chini, unazifukia mchanga ili moto ufe na mafuta yafyonzwe, kisha mnakaa kwenye mkeka mkizigonga moja moja kwa kipande cha mti. Bibi yangu alikuwa anapaka mikono majivu kwanza. Vidole vyake vya kulia, dole gumba na cha shahada, vilikuwa na weusi ambao sabuni haikuutoa mpaka alipofariki. Korosho inayopatikana hapo ina harufu ambayo mashine ya hewa ya moto haiwezi kuitoa, na ndiyo maana nyota ya tano ya ladha nimeizuia.

Bei. Hapa ndipo nilipochukua kalamu.

Tuseme euro moja ni shilingi 2,800. Pakiti hii basi ni kama shilingi 8,370. Ili upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, ikamenywa na kukaushwa, unahitaji kama kilo nne za ghafi. Korosho za kwetu zinasifika: tulikuwa tukikata sampuli na kupata pauni 50 na zaidi za kiini kwenye gunia la kilo 80, na wanunuzi walikuwa wanaangaliana bila kusema kitu. Lakini toa ngozi, toa unyevu, toa zilizovunjika, unarudi kwenye nne kwa moja. Kwa hiyo gramu 200 zangu zimekula gramu 800 za ghafi. Nikampigia mjomba, ambaye shamba lake ndilo lililonilipia ada.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Wazima huko kwenye baridi?"

"Wazima. Eti mjomba, msimu uliopita kilo mliuza shilingi ngapi?"

"Unataka ya mnada au unataka ya mfukoni?"

Swali zuri. Ya mnada ndiyo inayotangazwa redioni. Msimu wa 2024/25 mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo na watu wakapiga vigelegele. Minada iliyofuata ikashuka. Ya mfukoni ni ile inayobaki baada ya makato ya chama cha msingi, chama kikuu, halmashauri na mengineyo, na ambayo inaingia benki siku ambayo mkulima haipangi yeye. Mjomba akiichanganya mizigo yake yote anapata kama 3,100 kwa kilo. Mara gramu 800, ni shilingi 2,480. Kati ya 8,370.

Nakiri nilitegemea kukuta aibu kubwa zaidi. Karibu theluthi moja si kidogo ukilinganisha na anachopata mkulima wa kahawa kwenye kikombe kinachouzwa hapa kituo cha treni. Mtu angeweza kuishia hapo, akafunga kikokotoo, akala korosho zake kwa amani. Lakini misimu ya 2022 na 2023 minada mingi ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 2,000, na mara nyingi chini yake. Mfukoni ikibaki 1,700, pakiti hii ilimpa mjomba shilingi 1,360. Na mimi miaka hiyo nilikuwa hapahapa Hamburg, nikinunua pakiti hiihii. Ilikuwa euro 2.79, kisha 2.99. Bei ya mkulima ilipoporomoka, bei ya rafuni haikushuka hata senti. Bei ya mkulima ilipopanda mno, rafu nayo haikutikisika. Ule mtikisiko wote, kutoka 1,360 hadi 2,480, umebebwa na mtu mmoja ambaye anapaswa kununua daftari za shule mwezi wa kwanza.

Na hiyo 2,480 si faida. Humo kuna palizi, kuna kupuliza salfa kuanzia mwezi wa tano ili ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, usile maua, kuna vibarua wa kuokota. Mjomba ana pampu ya mgongoni ya petroli aliyonunua kwa kushirikiana na mwenzake. Salfa siku hizi serikali inagawa kwa ruzuku, jambo ambalo limesaidia sana, mwenye macho ameona mavuno yalivyopanda. Serikali ya Ujerumani kwa upande wake inachukua kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 kwenye pakiti, kama senti 20. Hizo ni shilingi 550 hivi. Haijapuliza salfa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Nikauliza kwa adabu: korosho hizi zimebanguliwa Vietnam, sawa, lakini zimeota wapi? Jibu lilikuja baada ya wiki moja, la heshima, lenye jina langu limeandikwa vizuri, likisema asili ya bidhaa ni Vietnam kama ilivyoelezwa kwenye pakiti, na kwamba duka linathamini uendelevu. Nikauliza tena. Wakaniletea kuponi ya euro tano. Nimeitumia, msinitazame vibaya.

Sisemi korosho za sahani yangu zilitoka Newala. Zinaweza kuwa za Vietnam kwelikweli, maana kule nako wanalima. Zinaweza kuwa za Kambodia au za Ivory Coast, ambao siku hizi ndio wanaoongoza duniani kwa kuzalisha. Lakini viwanda vya Vietnam vinabangua kuliko mashamba yao yanavyoweza kutoa, na pengo hilo linazibwa na meli kutoka Afrika, zikiwemo zinazotoka bandari ya Mtwara. Sehemu kubwa kabisa ya korosho za Afrika inaondoka na ganda lake. Pale zinapovuliwa ganda ndipo zinapopata uraia. Shamba linafutika, na mteja wa Hamburg anakufa akiamini korosho ni zao la Asia.

Tafadhali asinijie mtu hapa na hasira dhidi ya Wavietnam. Wametoka vitani, wakaanza na visu vya kusukuma kwa mguu, wakajiundia mashine zao wenyewe za bei ndogo, na mwaka 2006 wakawapita Wahindi kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Hilo ni jasho. Tena si jasho la raha: mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu waliofungiwa kwenye vituo vya kuachisha dawa za kulevya kusini mwa Vietnam walivyolazimishwa kubangua korosho kwa malipo ya kudhihaki, wengine bila malipo. Na Kollam, India, kwa miongo mingi kazi hii imefanywa na wanawake waliochuchumaa kutwa nzima, mikono ikiliwa na mafuta yaleyale yaliyomla bibi yangu. Kwa hiyo kwenye pakiti ya euro 2.99 mjomba wangu si maskini pekee aliyemo.

Mtu atauliza, sasa kwa nini nyie msibangue wenyewe? Swali hili nimeulizwa na Wajerumani kwenye chumba cha chai kazini, kwa sauti ile ya upole inayoudhi. Tulibangua. Au tuseme tulijengewa uwezo wa kubangua. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda kama 12, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tunduru na kwingine, kwa mikopo ambayo kubwa ilitoka Benki ya Dunia, na mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Mashine kubwa, za kifahari, zinazohitaji vipuri kutoka ng'ambo na korosho nyingi za kuzilisha. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Halafu yakaja yote kwa pamoja: watu wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ubwiriunga ukashuka kwenye maua. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufikia tani 20,000. Viwanda vikabaki vinadai mlo. Deni likabaki linadai pia, lenyewe halikuwa na ubwiriunga. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Mimi nimepokea magunia ndani ya jengo la namna hiyo. Nguzo zake bado zina mabano ya mikanda ya mashine.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika palepale. Msumbiji katika miaka ya 1990, kwa shinikizo la hiyohiyo Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Hoja ilikuwa kwamba mkulima atapata bei nzuri akiuza popote. Wahindi wakanunua ghafi, viwanda vya Msumbiji vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Kilichomfikia mkulima kilikuwa kiduchu. Sisi Tanzania tunatoza ushuru wa asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa, na mwaka 2018 wabunge wa Kusini walitoana jasho na serikali bungeni juu ya fedha hizo ziende wapi, kwa zao au kwa hazina.

Mwaka huohuo wa 2018 ndio ulionifundisha zaidi ya kozi zote za ushirika nilizopelekwa. Wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakulima wakagoma kwenye minada, karatasi za zabuni zinasomwa na watu wanapiga kelele "hatuuzi". Mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaingia mikoa ya Kusini. Sijawahi kuona magunia yakipakiwa kwa nidhamu ile. Wanunuzi wa kangomba, wanaowakopesha watu vijisenti wakati wa njaa na kulipwa korosho kwa bakuli wakati wa mavuno, wakajificha. Bei ikawa nzuri, malipo yakawa yanasubiri uhakiki, na korosho zikawa zimejaa maghala. Kisha ikabidi kutafuta wa kuzichukua, na wa kuzichukua ni walewale, wako Kollam na Ho Chi Minh, wana mashine na wana subira. Hata jeshi halina namna ya kumwamuru mnunuzi aliye bara jingine apandishe bei.

Subira yenyewe inanunuliwa. Mbanguaji wa Mtwara akitaka kufanya kazi mwaka mzima, lazima anunue korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu ya mnada, kwa fedha taslimu, kwa mkopo wa benki zetu ambao riba yake inafika asilimia 15 na ushee. Mwenzake wa Asia anakopa kwa riba nafuu zaidi, ana korosho za Kambodia mwezi huu, za Afrika Magharibi mwezi ule, za kwetu mwisho wa mwaka. Mashine zake hazilali. Ana na mnunuzi wa maganda mlangoni.

Maganda ndiyo aliyoyauliza mjomba. Nilipokwenda likizo nilimpelekea pakiti mbili za hizi za bluu. Alikaa chini ya mkorosho wake mkubwa, akaweka moja mdomoni, akatafuna taratibu.

"Hizi zimeogeshwa," akasema. Akachukua nyingine. "Tamu, lakini zimeogeshwa."

Nikamwambia bei. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Mtu aliyepiga kelele mnadani hashangazwi na bei. Akageuza mfuko, akaona picha, akacheka lile jani. Kisha akauliza, "Na maganda yake wameyapeleka wapi?"

Nikamweleza kuwa yale mafuta meusi yanakamuliwa, yanauzwa kwa watengeneza rangi na watengeneza breki za magari, na mabaki yanachomwa kuendeshea viwanda. Akanyamaza, akatazama mikono yake. "Kumbe tunawapa na mafuta ya bure." Nikataka kumrekebisha kwamba si bure kabisa, yamo kwenye bei ya ghafi kwa namna fulani. Nikaona niache.

Sasa bidhaa ya pili, kwa sababu tathmini bila mlinganisho ni maneno matupu. Kutoka likizo hiyo nilirudi na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa Mtwara na kikundi cha akina mama. Nilizinunua pale mjini kwa shilingi 26,000 kilo, bei ya msimu huo. Linganisha: pakiti ya bluu ni karibu shilingi 42,000 kwa kilo. Za akina mama zina moshi wa mbali, si ule wa kwenye bati nyumbani lakini upo, na utamu wake unakaa mdomoni muda mrefu zaidi. Ladha nyota tano bila kujadiliana.

Ufungashaji nyota mbili. Mfuko mwepesi, umezibwa kwa moto wa mshumaa, lebo imebandikwa upande. Nilipozimwaga kwenye sahani ileile nyeupe nilikuta nusu nzima, nusu vipande, nyingine kubwa kama za 240, nyingine ndogo, kadhaa na ngozi yake. Kufikia mwezi wa pili zile za mfuko wa mwisho zilikuwa zimeanza kuvunda mafuta. Huwezi kuziweka kwenye rafu ya Hamburg hivyo, na siwatetei kwa sababu ni wa kwetu. Nilipomuuliza yule mama aliyeniuzia kwa nini hawatumii mifuko migumu ya kutoa hewa, alinijibu, "Dada, mfuko ule unauzwa Dar kwa jumla, na jumla yake ni mtaji wangu wote." Mashine ya kuziba ipo, aliniambia, waliipata kwenye mradi, ila umeme ukikatika inazibua badala ya kuziba. Anasikia habari za kongani ya viwanda, yaani eneo moja la viwanda vingi, kule Maranje mkoani Mtwara, anaisubiri aone kama kutakuwa na nafasi ya mtu wa kilo 50 kwa wiki.

Bidhaa ya tatu naitaja kwa haraka: korosho za kupima kwenye maduka ya Waturuki na Waafghani mtaa wa Steindamm, karibu na stesheni kuu. Hazina lebo kabisa. Muuzaji niliyemuuliza zimetoka wapi alisema "stoo". Zina mafuta mengi, chumvi nyingi. Nyota mbili, na moja ni ya uaminifu wa jibu.

Kwa hiyo unanunua nini? Kama una wageni na unataka bakuli liwe la rangi moja, chukua pakiti ya bluu, na usichukue ya asali iliyo kando yake, ni sukari tupu. Ukiwa Tanzania, nunua zilizobanguliwa Mtwara, Newala, Masasi au Tandahimba, na umuulize muuzaji lini zilibanguliwa, siyo lini zilifungwa. Chagua vipande kama ni za kupikia pilau au kuku; vinauzwa nafuu na sufuria haijui daraja. Ukifika nyumbani zitoe kwenye ule mfuko mwepesi siku hiyohiyo, zitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, weka mahali pa giza. Ukiwa unasafiri nazo kuja huku, zifunge mara mbili. Mimi sikufanya hivyo, na koti langu la kazini lilinukia moshi mpaka wazee wangu wawili wakaomba tufungue madirisha, na wa tatu akauliza nani anachoma kitu kitamu namna ile.